Gari limekufa, deni lingali hai: malipo ya bima kwa gari la mkopo Marekani

Kampuni ya bima inalipa thamani ya gari. Deni ulilochukua kununulia gari hilo haliihusu. Wengi waliokopa gari hapa Marekani huja kulijua hili gari likishavutwa kwenda yadi, tena kwa simu, kwa Kiingereza cha haraka, huku afisa wa madai akisubiri useme ndiyo. Ninawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Texas, Ohio, Kentucky, Arizona na kwingineko kwa sababu pesa zinazopotea hapa ni nyingi, na sehemu kubwa yake inaokoleka ukijua pa kuangalia.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu maneno mengine yote yanaelea. Chukua mkopo wa dola 27,000 kwa miezi 72, riba ya 14% kwa mwaka. Riba ya namna hiyo si ngeni kwa mtu mwenye historia fupi ya mikopo nchini humu. Rejesho la mwezi ni dola 556. Ukishalipa mara 20 umetoa zaidi ya dola 11,100, lakini deni limeshuka kwa dola 5,400 tu na kubaki kama 21,600. Zile nyingine, zaidi ya dola 5,700, zimeliwa na riba. Na ndani ya zile 27,000 za mwanzo kulikuwa na vitu ambavyo si gari: kodi, ada za makaratasi, warantii ya nyongeza, pengine hata salio la gari la zamani. Vitu hivyo havina bei sokoni siku gari linapogongwa.

Sasa limegongwa. Kampuni inasema thamani yake ni dola 16,400. Inaongeza kodi ya mauzo, tuseme 6%, ambayo ni dola 984, jumla inakuwa 17,384. Kisha inatoa makato ya mwanzo, yale yanayoandikwa deductible kwenye mkataba wako, dola 1,000. Zinabaki 16,384, na hizo zinakwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji. Toa kwenye 21,600: unadaiwa dola 5,216 na huna usafiri. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kupambana nayo. Inashuka kwa njia tatu: thamani ya gari ikipandishwa, bima ya pengo (GAP, ile inayolipa tofauti kati ya deni na thamani ya gari) ikilipa, na vile vya nyongeza ulivyouziwa pamoja na gari vikirudishiwa pesa.

Kuhusu nani anaamua kwamba gari limekufa, usipoteze nguvu nyingi. Kila jimbo lina kipimo chake. Oklahoma, matengenezo yakifika 60% ya thamani ya gari, linaandikwa hasara kamili (total loss), yaani halitengenezwi, linalipwa thamani yake. Kentucky ni 75%, Texas ni 100%. Ohio na Arizona hutumia fomula: gharama ya matengenezo ukijumlisha na bei ya mabaki, ikifika thamani ya gari basi limekwisha. Mifuko ya hewa ikishafyatuka, gari lenye umri kidogo hufika kwenye kipimo hicho upesi hata kama kwa macho linaonekana la kunyooshwa tu. Kubaki na mabaki mwenyewe pia ni ndoto kwa gari la mkopo: mkopeshaji lazima akubali, na ni nadra akubali, kwa sababu hati itabadilishwa kuwa ya mabaki na dhamana yake itakuwa imeporomoka.

Yadi, picha na gari la kukodi

Yadi hutoza ada ya kulaza gari kwa kila siku. Bima yako ikitaka kulihamishia kwenye yadi yake, toa ruhusa siku hiyohiyo kwa ujumbe wa maandishi au barua pepe. Ukichelewesha bila sababu, ada za siku za baadaye wanaweza kukuachia wewe. Wengi hugoma wakidhani kuruhusu gari lihamishwe ni kukubali bei. Sivyo. Bei unaweza kuipinga gari likiwa yadi yoyote.

Kabla halijahamishwa, nenda ulipige picha, kwa sababu hutaliona tena. Piga pande zote nne, viti, mazulia, dari ya ndani, dashibodi ikionyesha maili kama bado inawaka, na beji ya nyuma inayoonyesha daraja la modeli. Piga matairi kwa karibu: kina cha meno yake, na ile namba inayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi jipya lina thamani kwenye ripoti, na hakuna atakayeliandika kuwa jipya bila ushahidi.

Toa nambari za usajili, kifaa cha kulipia barabara, rimoti ya geti, na ufute simu zilizounganishwa kwenye redio. Toa na kiti cha mtoto, lakini usikihamishie gari jingine. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya taifa, inashauri kiti kibadilishwe baada ya ajali ya wastani au kubwa, na bima nyingi hulipia kipya ukidai. Watu hawadai.

Gari la kukodi lina mtego wake. Mkataba husomeka, kwa mfano, dola 40 kwa siku hadi siku 30, na mtu anajipangia mwezi mzima. Kwa hasara kamili, kampuni nyingi huacha kulipia gari la kukodi siku chache tu baada ya kukupa ofa, hata kama hundi haijatoka na hata kama bado mnabishana bei. Muulize afisa tarehe kamili ya mwisho na akuandikie. Tarehe hiyo ndiyo inayowafanya watu wakubali bei mbovu kwa haraka, kwa hiyo ijue mapema na upange usafiri wa kazini bila kuitegemea.

Ripoti ya thamani isomwe mstari kwa mstari

Hapa ndipo penye pesa. Ile namba ya 16,400 haitoki kichwani kwa afisa wa madai. Inatoka kwenye ripoti iliyotengenezwa na mfumo wa kampuni nyingine, kwa kawaida CCC, Mitchell au Audatex. Iombe yote, kurasa zote, kwa PDF, kabla hujajibu chochote kuhusu bei. Ukurasa wa kwanza wenye jumla hauna faida kwako.

Ndani yake kuna sehemu mbili. Kwanza gari lako: VIN (namba ya utambulisho wa gari), maili, daraja, vifaa, na hali yake kabla ya ajali. Kisha magari ya kulinganishia, kila moja na bei iliyotangazwa, ikifuatiwa na mistari ya kuongeza na kupunguza ili lifanane na lako. Makosa hujificha sehemu zote mbili.

Kosa la kawaida na la gharama kubwa ni daraja. Honda CR-V ya LX na ya EX-L ni gari moja kwa jina tu. EX-L ina viti vya ngozi na mlango wa nyuma wa umeme, na bei yao hupishana kwa maelfu. Camry ya LE na XLE vivyo hivyo. Nenda kwa wakala wa chapa hiyo na VIN yako umwombe karatasi ya vifaa vya kiwandani, au itafute ile iliyobandikwa dirishani gari lilipokuwa jipya. Linganisha kifaa kimoja kimoja: paa la kioo, kamera, usukani wa joto, magurudumu yote manne kuvuta. Kisichoandikwa hakijalipwa.

Pili, maili. Zikiandikwa 12,000 zaidi ya zilizopo, bei inashuka. Picha ya dashibodi au risiti ya mwisho ya kubadilisha oili humaliza ubishi huo.

Tatu, hali. Ripoti hukata mamia ya dola kwa kuandika viti, rangi au matairi kuwa ya "wastani" bila kueleza kitu. Kila makato ya namna hiyo yadai sababu na picha waliyoitumia. Mara nyingine aliyekagua aliona vioo vilivyomwagika kwenye kiti na vumbi la mifuko ya hewa, akavihesabu kama uchakavu wako.

Nne, na hii wachache huiona: mstari unaopunguza bei ya kila gari la kulinganishia kwa madai kwamba mnunuzi angepatana na kupunguziwa. Majina yake hubadilika kulingana na mfumo. Kwenye ripoti utakuta maneno kama projected sold adjustment au typical negotiation. Wenye magari wameipeleka hoja hii mahakamani katika majimbo mbalimbali, kwa sababu wauzaji wengi siku hizi wanauza kwa bei iliyotangazwa bila kupunguza. Uliza makato hayo yamepatikanaje kwa gari lile hasa, si kwa magari kwa ujumla.

Mwisho, yaangalie magari yenyewe ya kulinganishia. Chukua VIN ya kila moja na uitafute. Ukikuta lilikuwa la kukodisha, limewahi kugongwa, au lina hati ya mabaki, hilo halifai kulinganishwa na lako lililokuwa safi. Ukikuta liko maili 200 kutoka kwako wakati mjini kwenu yamejaa, sema hivyo.

Kisha lete yako. Matangazo manne au matano ya wauzaji wenye leseni, mwaka uleule, daraja lilelile, maili zisizopishana sana na zako, ndani ya maili 100 hivi. Yahifadhi kwa PDF yakionyesha VIN, bei na tarehe, maana tangazo likiuzwa hutoweka na ushahidi umekwenda nalo. Bei za watu binafsi za Facebook hazikusaidii. Makadirio ya Kelley Blue Book peke yake nayo maafisa huyapuuza. Yaweke nyuma ya matangazo kama nyongeza.

Barua iwe fupi na kavu: "Ukurasa wa 4, gari la kulinganishia namba 2 ni LE. Langu ni XLE, angalia kiambatisho A. Ukurasa wa 6 umekata dola 380 kwa matairi. Yalinunuliwa miezi minne kabla ya ajali, risiti ni kiambatisho B. Naomba ripoti irudiwe." Usieleze shida zako humo. Kumwambia afisa kwamba unadaiwa 21,600, au una watoto watatu wa kupeleka shule, hakuingii kwenye fomula yake. Kosa lenye namba ya ukurasa linaingia. Breki mpya na huduma za kawaida pia haziongezi kitu cha maana. Injini au gia mpya yenye risiti, hiyo izungumzie.

Tuseme thamani imepanda kutoka 16,400 hadi 17,900. Pamoja na kodi ni 18,974, toa makato 1,000, mkopeshaji anapata 17,974. Deni lako linashuka kutoka 5,216 hadi 3,626. Hizo ni dola 1,590 kwa barua pepe mbili tatu.

Kodi ya mauzo na ada za usajili zitazame pia. Majimbo mengi yanadai zilipwe, mengine huzitoa baada ya wewe kununua gari jingine ndani ya muda maalumu. Kama ripoti haina mstari wa kodi, uliza.

Wakikataa kila kitu, soma mkataba wako utafute kipengele cha uthamini, appraisal. Kikiwepo, wewe unaajiri mthamini wako, kampuni inaajiri wake, na wasipoafikiana wanamchagua mwamuzi. Unamlipa wa kwako na nusu ya mwamuzi, kwa hiyo ni njia ya kutumia pale tofauti ni kubwa, tuseme dola 2,000 na kuendelea. Kipengele hiki ni kati yako na bima yako tu. Bima ya mtu aliyekugonga haifungwi nacho. Malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo lako ni bure, hujazwa mtandaoni, na kampuni hulazimika kujibu kwa maandishi.

Hapohapo omba mkalimani. Kampuni kubwa zina huduma ya ukalimani kwa simu, na Kiswahili kimo. Mtoto wa miaka 13 asikutafsirie mazungumzo ya dola 17,000.

Aliyekugonga ndiye mwenye kosa

Watu husubiri bima ya mwenye kosa kwa sababu wanaona ni haki yao, nami naielewa hoja hiyo. Ila angalia kikomo chake. Texas kima cha chini cha bima ya uharibifu wa mali ni dola 25,000. California kilikuwa dola 5,000 kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi 15,000 tangu Januari 2025. Gari lako likiwa la 18,000 na mwenye kosa ana 15,000, bima yake inaishia hapo. Kama unayo bima ya kugongana (collision, inayolipia gari lako mwenyewe) kwenye mkataba wako, na kwa mkopo lazima uwe nayo, mara nyingi ni haraka zaidi kudai kwako, ulipe makato ya mwanzo, kisha kampuni yako imfuate yule na kukurudishia makato ikifanikiwa. Bima ya mwenye kosa nayo hailipi pengo la deni lako. Inalipa gari, na gharama ya kukosa gari kwa siku kadhaa.

Mkopeshaji

Mpigie siku ya pili au ya tatu, uombe idara ya hasara kamili. Omba barua ya kumalizia deni, ile wanayoiita payoff, yenye kiasi, tarehe ya mwisho wa kiasi hicho, na riba ya kila siku. Salio unaloliona kwenye programu ya simu si kiasi cha kumalizia. Kwa deni la 21,600 kwa 14%, riba ni kama dola 8.28 kwa siku. Siku 25 za kuzungushana ni dola 207 juu yako. Mengi ya mazungusho hayo ni makaratasi tu: bima inangoja barua ya dhamana kutoka kwa mkopeshaji kwamba atatoa hati ya umiliki, mkopeshaji anasema hajaombwa, kumbe ombi limekaa kwenye namba ya faksi ya idara nyingine. Chukua jina na anwani ya barua pepe ya kila upande na uwaunganishe mwenyewe kwenye ujumbe mmoja.

Endelea kulipa rejesho la mwezi. Hili nalisema kwa mkazo wote. Gari halipo, lakini mkataba wa mkopo upo, na ukipitisha siku 30 linaandikwa kwenye historia yako ya mikopo, tena kwenye ya mdhamini wako pia kama unaye. Zaidi ya hapo, bima ya pengo haitalipa rejesho ulilochelewa. Malipo ya moja kwa moja kutoka benki yaache mpaka uwe na barua ya salio sifuri. Ukizidisha, unarudishiwa.

Kama deni ni dogo kuliko thamani, mambo ni mepesi: mkopeshaji anakata chake na kinachobaki ni chako. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawako upande huo.

Bima ya pengo inalipa nini hasa

Kwenye karatasi zako imeandikwa GAP. Itafute kwanza kabla hujaanza kupambana na ripoti, kwa sababu inabadilisha hesabu. Ikiwa GAP yako inafunika pengo lote pamoja na makato ya mwanzo, kupandisha thamani kutoka 16,400 hadi 17,900 kunapunguza bili ya kampuni ya GAP, wewe huongezewi kitu. Ikiwa huna GAP au ina kikomo, kila dola ni yako.

Kuna aina mbili. Ya kwanza huuzwa na muuzaji wa gari na kuingizwa kwenye mkopo, mara nyingi kwa mamia ya dola. Ya pili huongezwa kwenye bima yako ya gari kwa gharama ndogo, na jina lake mara nyingi ni loan/lease payoff. Hii kampuni kadhaa huiwekea kikomo cha 25% ya thamani ya gari. Kwa gari la 17,900, kikomo ni dola 4,475, kwa hiyo pengo la mfano wetu linaingia ndani. Gari la 12,000 lenye deni la 19,000 haliingii.

Ya muuzaji ina mipaka yake. Wa kwanza ni uwiano wa mkopo na thamani siku ya kununua. Gari lilikuwa la 20,000, ukakopeshwa 27,000, hiyo ni 135%. Mkataba wa GAP unaoishia 125% unahesabu kama ulikopa 25,000. Zile 2,000 za juu na riba yake zinabaki kwako. Aliyehamishia deni la gari la zamani kwenye gari jipya huangukia hapa. Wa pili ni makato ya mwanzo: mikataba mingine huyalipa hadi dola 1,000, mingine hailipi kabisa. Kwenye mfano wetu uliorekebishwa ni tofauti kati ya kubaki na deni la sifuri na kubaki na 1,000. Wa tatu ni marejesho yaliyochelewa, faini, na miezi uliyoruhusiwa kuruka, zote haziingii.

GAP haianzi yenyewe. Unaidai wewe, na mikataba mingi ina muda wa mwisho, mara nyingi siku 90. Watataka mkataba wa GAP, mkataba wa mkopo, historia yote ya malipo, ripoti ya thamani, barua ya malipo ya bima pamoja na nakala ya hundi, na ripoti ya polisi. Karatasi moja ikikosekana faili linalala, na hakuna anayekupigia. Piga wewe kila wiki.

Pale bima inapokataa kabisa

GAP hulipa tu kama bima ya kwanza imelipa. Bima ikikataa, zote mbili zimekwenda, na deni lote la 21,600 ni lako.

Sababu inayowaumiza watu wetu zaidi ni kazi ya programu. Bima ya kawaida ya gari binafsi haifuniki ajali iliyotokea ukiwa umewasha Uber, Lyft au programu ya kupeleka chakula, isipokuwa uliongeza kipengele chake. Bima ya Uber na Lyft kwa gari lako hufanya kazi ukiwa unamfuata abiria au umembeba, kwa sharti kwamba bima yako binafsi nayo inafunika uharibifu wa gari, na makato ya mwanzo ni dola 2,500. Ukiwa umewasha tu unasubiri ombi, kwa gari lako hakuna kitu. Ongeza kipengele cha kubeba abiria kwenye bima yako leo. Kinagharimu kidogo kuliko rejesho moja.

Sababu ya pili ni majina. Gari limeandikwa kwa binamu mwenye historia nzuri ya mikopo, bima ni ya shemeji, anayeendesha kila siku ni mtu wa tatu ambaye hayumo popote. Kusaidiana huko ni kwema kabisa, lakini hundi hutoka kwa jina lililo kwenye bima na hati, na dereva wa nyumbani ambaye hakutajwa anaweza kuwa sababu ya kukataliwa. Kila anayeishi humo na kuendesha aandikwe. Anwani nayo iwe ile gari linapolala kweli.

Ya tatu: bima ikikatika, mkopeshaji hukuwekea ya kwake na kukutoza. Bima hiyo ni ya bei kubwa na inamlinda yeye. Wewe hupati chochote cha kununulia gari jingine.

Salio linalobaki

Kabla hujalipa senti kwenye salio, vunja mikataba ya nyongeza. Warantii ya nyongeza, bima ya matairi, mpango wa huduma: gari likifa, sehemu isiyotumika hurudishwa. Warantii ya dola 2,400 kwa miezi 60, imetumika miezi 20, ina dola 1,600 ndani yake ukitoa ada ndogo ya kuvunja. Kama umekwenda maili nyingi kuliko miezi, watahesabu kwa maili. Pesa hiyo hutumwa kwa mkopeshaji na kupunguza deni. Andika barua kwa muuzaji na kwa kampuni ya warantii yenyewe, ambatisha barua ya hasara kamili. Kampuni ya GAP huenda ikaihesabu kama imerudishwa hata kama hujaidai, kwa hiyo usipoidai unaipoteza mara mbili.

Kilichobaki baada ya hapo kizungumzie na mkopeshaji. Sasa ni deni lisilo na dhamana, na yeye anajua. Omba mpango wa miezi 24 au 36 kwa riba ndogo, au kiasi pungufu cha kulipa mara moja, na usitume pesa mpaka makubaliano yawe kwenye karatasi. Akikusamehe dola 600 au zaidi, anaweza kukutumia fomu 1099-C, na IRS, mamlaka ya kodi ya taifa, huihesabu kama kipato. Mpelekee anayekuandalia kodi. Muuzaji atakayejitolea kuliingiza salio hilo kwenye mkopo wa gari jipya, mkatalie. Gari jipya litaanza likiwa tayari chini ya maji, yaani deni likizidi thamani yake, na GAP yake itagonga ule ukuta wa 125%.

Salio likiisha, chukua barua ya mkopeshaji inayosema sifuri, ngoja kama siku 45, kisha fungua annualcreditreport.com uangalie ripoti zote tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Mkopo uonekane umefungwa na umelipwa. Ukikuta bado unasoma salio, tuma pingamizi na nakala ya barua hiyo kwa kila ofisi iliyokosea.